Serikali za mitaa zinapunguza umaskini kweli, au zinatugawia michango tu?

Kijana wa Kitongoji:

Shikamooni wakubwa, na vijana wenzangu habari za leo.

Nina swali, na naomba lijibiwe na watu waliowahi kufanya kazi huko chini, siyo majibu ya semina. Mimi ni mjumbe mpya wa halmashauri ya kijiji, nimeingia kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 hapa Tanzania. Wakati wa kuomba kura niliwaambia watu kwamba maendeleo yanaanzia kijijini, na kwamba Katiba yenyewe, ibara ya 146, inasema madhumuni ya kuwa na serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Wakapiga makofi.

Sasa nimeingia ndani. Ajenda ya vikao vyetu karibu vyote ni michango. Boma la zahanati, madawati, mlinzi wa shule, chakula cha wanafunzi. Mjane anayeishi kwa vibarua anatajiwa kiasi kilekile anachotajiwa mwenye trekta na mashine ya kusaga. Kwenye mkutano uliopita mama mmoja alisimama akaniuliza: "Mwanangu, hayo madaraka mliyoletewa yamekuja na nini?" Watu wakacheka, mimi nikatazama karatasi zangu.

Naomba kujua: kushusha madaraka kunamtoa mtu kwenye umaskini kwa njia gani hasa? Kuna mahali imewezekana? Na mimi mjumbe mmoja katikati ya wajumbe ishirini na kitu, nianzie wapi?


Mtendaji Mstaafu:

Marahaba mwanangu. Hongera kwa kuchaguliwa, na mpe salamu zangu huyo mama.

Nilianza kazi kama mtendaji wa kijiji, nikamalizia mtendaji wa kata, kanda ya kati. Nitakujibu kwa niliyoyaona.

Ukisikia madaraka yamepelekwa chini, uliza yamekabidhiwa nani na yameambatana na fungu gani. Nchi hii imewahi kufuta halmashauri za wilaya kwa kauli hiyohiyo ya kupeleka madaraka kwa wananchi. Ilikuwa 1972, mpango wa Madaraka Mikoani. Kilichopelekwa mikoani ni maofisa. Miji ikarudishiwa mamlaka zake 1978, wilaya zikasubiri sheria za 1982 na kuanza upya 1984. Halmashauri zikarudi, ila mifuko yake imekuwa ikipunguzwa kidogo kidogo. Mwaka 2003 ilifutwa kodi ya maendeleo, ile ya kichwa. Mimi nasema heri ilifutwa, maana nimeona wanaume wazima wakilala porini kukimbia mgambo. Kodi ya majengo ikahamia TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, mwaka 2016, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Ushuru wa mazao ukashushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Mkulima alipata nafuu, hilo silipingi. Lakini kazi za halmashauri hazikupungua hata moja. Watoto walizidi kuzaliwa, wakataka madarasa, mama zao wakataka zahanati.

Pengo hilo linazibwa kwa boma. Wewe unalijua boma. Wananchi wanasomba mawe, mchanga na maji, wanafyatua tofali, wanapandisha kuta hadi kwenye lenta, halafu wanasubiri halmashauri ilete mbao, bati na fundi wa kumalizia. Kwenye kata niliyostaafia kulikuwa na boma la zahanati ambalo ndani yake uliota mpapai. Mpapai ukakua, ukazaa, watoto wakawa wanaangua. Tofali zilijengewa kwa udongo, kwa hiyo mvua ilipopiga safu za juu zikalainika, na siku bati zilipofika ikabidi kwanza tubomoe ndipo tuezeke. Akina mama waliobeba yale maji kichwani walitoa siku zao za kulima. Siku hizo haziandikwi popote kuwa ni kodi, lakini ni kodi, na anayelipa zaidi ni asiye na mkokoteni wala punda.

Ndiyo maana mjane wenu analalamika. Mchango wa kiwango kimoja kwa kila kaya ni kodi ya kichwa iliyopitia mlango wa uani. Uzuri ni kwamba hili liko mikononi mwenu, kwa sababu kiwango cha mchango wa kijiji kinapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, hakitoki wizarani. Sisi tuliwahi kuzipanga kaya kwa makundi. Vitongoji vyenyewe ndivyo vilivyotaja nani yuko wapi. Ugomvi ulikuwa mkubwa! Mwenye kundi la ng'ombe akasema si wake, ni wa ukoo. Tukaachana na ng'ombe, tukashika vitu ambavyo mtu hawezi kuvisukumia ukoo: trekta, mashine, duka, nyumba ya kupangisha. Wazee wasio na mtu, wagonjwa na wajane wenye watoto wadogo wakasamehewa. Majina yao yalisomwa mkutanoni ili asije mtu kunong'ona kwamba fulani kapendelewa na mwenyekiti. Bibi mmoja alikataa msamaha, kesho yake akaja ofisini na kuku wake wawili. Tulimwandikia stakabadhi.

Jambo jingine ambalo wajumbe wapya hawaliangalii ni saa ya mkutano. Ukiitisha asubuhi msimu wa palizi, watakaokuja ni wenye maduka na wazee wenye nafasi. Anayelima kibarua yuko kwenye shamba la mtu, na akiacha kibarua siku hiyo hajui jioni watoto watakula nini. Halafu mkutano huohuo ndio unaoamua kisima kikae kitongoji gani. Orodha ya kaya za TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, nayo huanzia kwenye mkutano wa jamii. Asiyekuwepo, na asiye na mtu wa kumsemea, ndiye anayerukwa. Mimi mikutano ya masika niliihamishia alasiri, tena siku isiyo ya gulio. Mwenyekiti alinuna. Wanawake wakaongezeka mpaka ikabidi tuhamie chini ya mti mwingine wenye kivuli kikubwa.

Kuhusu mahali palipofanikiwa, tafuta habari za msitu wa SULEDO kule Kiteto, jina limetokana na Sunya, Lengatei na Dongo. Miaka ya 1990 Serikali ilikuwa na mpango wa kuuchukua uwe hifadhi yake. Wanavijiji wakakataa, wakaomba wausimamie wenyewe, na mwaka 2002 wakapata tuzo ya kimataifa inayoratibiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Mwaka huohuo ikapitishwa Sheria ya Misitu inayotambua misitu ya hifadhi ya vijiji, na mapato ya msitu wa namna hiyo ni ya kijiji. Kilwa pia vipo vijiji vilivyovuna mbao za misitu yao kwa utaratibu na fedha ikafanya kazi palepale. Huko ndiko nilikoona madaraka yana uzito, kwa sababu kijiji kina kitu chake cha kuuza na kina sauti ya mwisho juu ya fedha yake. Wasio na msitu wala mgodi wafanye nini, hilo ni gumu zaidi, waje na wengine waseme.


Mama Alizeti:

Mtendaji umesema kweli kuhusu michango, mpaka nimecheka kwa uchungu. Mimi niongezee la mikopo ya asilimia kumi, maana kila mwanasiasa akija anatuambia hiyo ndiyo dawa ya umaskini.

Kwa wasiojua: sheria ya fedha za serikali za mitaa, kifungu cha 37A kilichoongezwa mwaka 2018, inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya ukaguzi kuonyesha madudu, vikundi hewa na marejesho yasiyorudi, kisha ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, halmashauri 10 zikijaribu kupitia benki.

Kikundi chetu tulikopa kabla haijasimamishwa. Tunakamua alizeti. Mwenye kujua alizeti anajua kwamba faida iko kwenye kununua mbegu wakati wa mavuno, gunia likiwa bei ya chini, ukaweka stoo, ukakamua taratibu. Tuliomba mapema kabisa. Afisa maendeleo ya jamii wa kata akatusaidia kuandika katiba na andiko, akatuombea kwa moyo wote, simsemi vibaya. Faili likapanda wilayani, likakaa. Fedha imeingia kwenye akaunti wakati walanguzi wameshazoa kila kitu, tukanunua mbegu kwa bei ya juu, na ratiba ya marejesho haijali msimu. Tulilipa mpaka mwisho. Faida tuliyopata ni mashine, ambayo imebaki kuwa yetu, na hiyo sidharau. Mafuta yenyewe mwaka ule yalitulipia deni tu.

Sasa swali la kijana ni umaskini. Nakwambia wazi: mkopo huu ni mzuri lakini haumfikii maskini wa mwisho. Kikundi kinataka watu wanaoaminiana, wenye hisa kwenye kikoba, wenye kitambulisho na simu, wenye mtu wa kuandika andiko. Yule mjane wenu hayumo humo. Hatumchukui, maana tunaogopa akishindwa rejesho tutamlipia. Nasema ukweli wa kwenye vikundi, si wa kwenye ripoti.

Halafu asilimia 10 ya nini? Halmashauri yenye mgodi mkubwa au viwanda inakusanya ushuru wa huduma, sehemu ndogo ya mauzo ya kampuni, na kampuni ikiwa kubwa hiyo sehemu ndogo ni mlima wa fedha. Sisi wa mahindi, alizeti na mbuzi, kumi ya kwetu ni kumi ya kidogo. Tukiachiana kila mtu ajitegemee kwa alichonacho, wilaya tajiri itakopesha watu wake na maskini itazidi kuchangishana.


Mwana Makueni:

Habari zenu ndugu zetu wa Tanzania. Mimi niko Kenya, kaunti ya Makueni. Hilo la mwisho alilosema Mama Alizeti ndilo lililotusumbua sisi tangu uhuru.

Mwaka 1965 serikali yetu ilitoa Waraka wa Kikao nambari 10 ambao ulisema wazi kwamba fedha za maendeleo ziende kwenye maeneo yatakayozaa faida kubwa zaidi, yaani yenye mvua, barabara na watu tayari. Kaskazini ikabaki vumbi. Mji wa Wajir umekaa karibu miaka hamsini ya uhuru bila lami, ikaja baada ya kaunti kuanza. Katiba ya 2010 iligeuza hesabu. Kaunti 47 zikaundwa, zikaanza kazi 2013, na katiba ikasema zigawiwe kwa pamoja si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa mujibu wa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kukubaliwa na Bunge. Juu ya hapo kuna Hazina ya Usawazishaji, asilimia 0.5, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Na mgao kati ya kaunti unafuata fomyula ambayo umaskini ni mojawapo ya vigezo vyake. Kwa hiyo gavana haombi. Akicheleweshewa anapiga kelele, anakwenda hadi mahakamani, lakini hapigi magoti. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona nikisoma ya kwenu.

Sasa msije mkadhani tumefika Kanaani. Pesa ziliposhuka, ulaji nao ulishuka. Wanakandarasi wadogo wanadai kaunti mpaka duka la mke linafungwa. Kanuni zinasema angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iwe ya maendeleo, na zipo kaunti ambazo mishahara na safari zinameza mpaka hiyo. Hapa kwetu tulianza vibaya kuliko wote. Wawakilishi wadi na gavana waligombania bajeti hadi risasi zikafyatuliwa pale mjini Wote mwaka 2014, watu wakajeruhiwa. Gavana Kivutha Kibwana akaunga mkono ombi la kuivunja kaunti nzima. Tume ikapendekeza ivunjwe, Rais akakataa mwaka 2015.

Kilichotuokoa ni vikao vya wananchi vilivyoanzia kijijini hadi kaunti, na kamati za maendeleo zilizochaguliwa na watu wenyewe. Mradi ukiletwa kijijini kwetu, kamati inapewa ile karatasi yenye vipimo na bei, na mkandarasi halipwi kamati isipotia sahihi. Nimeketi kwenye kamati hiyo. Tulimkatalia mtu wa kujenga tangi la maji kwa sababu sakafu ilikuwa nyembamba kuliko ilivyoandikwa. Fundi wetu wa kijiji aliitoboa kwa msumari mbele ya mhandisi. Mkandarasi alirudi akamwaga zege upya.

Upande wa umaskini, mimi nitaje kitu kimoja tu: bima ya afya ya kaunti, iliyoanza 2016 kwa shilingi 500 za Kenya kwa familia kwa mwaka. Watu hapa hawakuwa wanafilisika kwa ukame peke yake. Mtu wa nyumbani alipolazwa waliuza ng'ombe wa kulimia, na ng'ombe akishauzwa ndio basi, jembe limekwenda.


Mhandisi wa Visima:

Nimesoma yote na naona mnaimba wimbo mmoja. Ngoja niwe mchokozi.

Mzee Mtendaji, kwa heshima zote, kijiji hichohicho mnachokisifu ndicho kilichoua visima. Nimezunguka vijijini kwa kazi ya maji kabla na baada ya kuanzishwa RUWASA, wakala wa maji vijijini. Ulikuwa unakuta pampu imekufa kwa kukosa kifaa ambacho bei yake haifiki ya mbuzi, na ukiuliza fedha ya ndoo iko wapi, mhazini ni mtoto wa dada wa mwenyekiti na daftari limeliwa na mchwa. Mchwa hawa wanapenda sana madaftari ya fedha! Ndiyo maana Sheria ya Maji ya 2019 ikaiondoa kazi hiyo kwenye halmashauri na kuipa RUWASA, na barabara zilishakwenda TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Sasa hivi kuna vyombo vya watumiaji maji vilivyosajiliwa, vingine vimeajiri mhasibu na fundi, na mabomba yanatoa maji. Maskini anahitaji maji. Nani ameyaleta, wizara au kijiji, kwake ni mamoja.

Kushusha madaraka kwa watu wasio na fundi wala mhasibu ni kuwatupia mzigo. Na matajiri wa kijiji ni wepesi kukamata kamati kuliko matajiri wa taifa kukamata wizara, kwa sababu kijijini watu wanadaiana, wameoana, wanaogopana.


Mtendaji Mstaafu:

Mhandisi, karibu, uchokozi wako ni halali. La mchwa nimelikuta mwenyewe. Na la kuogopana nalikubali kabisa. Kijijini anayekukopesha debe la mahindi mwezi wa pili ndiye mjumbe wa kamati ya fedha. Utasimama vipi umuulize stakabadhi?

Tunapoachana ni hapa. Wewe unaona tatizo ni kijiji, mimi naona tatizo ni giza, na giza lipo ngazi zote. Waganda walishaonyesha. Kati ya 1991 na 1995 walifuatilia ruzuku ambayo serikali yao ilikuwa ikituma shuleni kupitia wilaya. Kwa wastani ni asilimia 13 tu iliyofika shuleni. Nyingi ilibaki wilayani, na shule hazikujua hata kwamba kuna fedha ilitumwa. Kisha serikali ikaanza kutangaza magazetini kila kiasi kinachopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kilichopokelewa. Kufikia 2001 kilichofika kilikuwa zaidi ya asilimia 80. Mambo mengine yalibadilika pia katikati, sitaki kusema ni gazeti peke yake. Lakini mwalimu mkuu aliyejua namba alikuwa na cha kudai, na mzazi aliyeisoma ukutani alikuwa na cha kumuuliza mwalimu mkuu.

Kwa hiyo kijana, uliuliza uanzie wapi. Anza na namba ambayo mwananchi wa kawaida anaweza kuizidisha mwenyewe. Sisi tunayo moja nzuri sana. Ruzuku ya uendeshaji ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 zinatakiwa zifike shuleni, na tangu 2016 zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Mnajua shule yenu ina watoto wangapi. Zidisha. Hiyo ndiyo fedha ya mwaka, iandike ubaoni kwa chaki, halafu mualike mwalimu mkuu kwa adabu aje aeleze imetumikaje. Usiende kama polisi. Walimu wakuu wengi hawana cha kuficha, wanaumia tu kwamba wananchi wanadhani wanapewa mamilioni. Na mzazi akishaona fedha iliyopo ni ndogo kiasi gani, mjadala wa mchango wa mlinzi unakuwa mwingine kabisa: kiasi gani kimepungua, nani ana uwezo wa kukijazia.

Zahanati vilevile, tangu mwaka wa fedha 2017/18 zimekuwa zikipokea fedha kwenye akaunti zao. Ipo kamati ya usimamizi ya kituo, ina wajumbe wa jamii. Uliza ni akina nani na walikaa lini mara ya mwisho.

Na taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji. Sheria inataka mkutano mkuu kila miezi mitatu. Ikisomwa, sikiliza mistari mitatu: salio anzia, posho, na matumizi mengineyo. Salio anzia lisipolingana na salio ishia la robo iliyopita, simama hapohapo. Posho ikizidi fedha iliyokwenda kwenye kazi yenyewe, waulize wenzako kama hicho kikao kilikuwa cha nini. Matumizi mengineyo yakiwa makubwa kuliko mstari wowote wenye jina, omba yapewe majina. Mimi nilikuwa upande wa kusoma hiyo taarifa, najua tulivyokuwa tunasoma haraka haraka tukifika hapo.

Mhandisi, kuhusu maji nakupa ushindi wa nusu. Pampu inamtaka fundi na kijiji hakimwezi. Ila saa za kufungua kilula, yaani kituo cha kuchotea maji, bei ya ndoo, na bibi yupi achote bure, hayo hayahitaji digrii, na mtu wa mkoani hawezi kuyajua.


Mama Alizeti:

Hapo kwenye bibi yupi achote bure umenigusa. Kwetu ilipangwa bei moja kutoka juu, na wenye hali ngumu wakarudi kwenye korongo.


Kijana wa Kitongoji:

Wakubwa nimewasikia, nashukuru sana. Nimeshafanya lile la shule. Tuna wanafunzi 412, ikatoka shilingi 2,472,000 kwa mwaka. Mwalimu mkuu nilimfuata nyumbani jioni, akacheka, akanitolea faili lenyewe, akasema hakuna mjumbe aliyewahi kumuuliza. Fedha imeingia, kuna miezi ilichelewa. Chaki, karatasi za mitihani, ukarabati wa choo, vyote vina stakabadhi. Amekubali kuja mkutanoni. Mchango wa mlinzi tumeuweka kando kwanza mpaka hapo.

Kilichonishangaza ni kingine. Tuna gulio kubwa kila wiki. Wakala wa halmashauri anakuja na mashine ya POS, anakusanya ushuru kwa kila anayepanga bidhaa chini, anaondoka. Uwanja ni wa kijiji, takataka tunazoa sisi, choo cha gulio tulijenga sisi kwa michango. Kwenye taarifa zetu za mapato sijaona shilingi iliyorudi kutoka kwenye ushuru huo. Mwenyekiti anasema ndivyo ilivyo siku zote. Je, ndivyo ilivyo?


Mtendaji Mstaafu:

Sivyo ilivyo kila mahali. Halmashauri nyingine zinarudishia kijiji sehemu ya ushuru uliokusanywa kwenye eneo lake. Kwa hiyo kwanza mtafute diwani wenu akupe sheria ndogo ya ushuru wa masoko na magulio ya halmashauri yenu. Soma kama inataja kijiji kurudishiwa kitu. Ikitaja, mnadai. Isipotaja, kazi inakuwa ya diwani kwenye baraza, na ninyi kazi yenu ni kumpa karatasi ya kusimamia.

Karatasi yenyewe ni muhtasari wa mkutano mkuu, siyo barua yako binafsi. Ajenda iingizwe, ijadiliwe, akidi iwepo, mahudhurio yasainiwe, na ombi liandikwe kwa kitu mahususi: mnataka sehemu ya ushuru wa gulio irudi kijijini kwa ajili ya usafi na choo. Ukiandika "tunaomba kuangaliwa" utaangaliwa tu. Uambatishe gharama mlizotumia kujenga choo, na idadi ya wafanyabiashara wa siku moja ya gulio. Mtu akae na daftari lango la kuingilia ahesabu, msikadirie. Wakala akiuliza mnahesabu nini, mwambieni.

Zipo pia sheria ndogo za kijiji, mnaruhusiwa kuzitunga, ila hazifanyi kazi mpaka halmashauri izipitishe. Msianze kutoza ushuru wenu juu ya ule wa halmashauri, muuza nyanya atalipa mara mbili na yeye ndiye maskini mnayemsema.

Rasimu ya muhtasari ikiwa tayari, iweke hapa ufiche jina la kijiji na ya watu. Mama Alizeti na mimi tutaipitia kabla hujaipeleka kwa mtendaji wako.